Dokezo la Mwisho la Kalamu Mbili

Pikipiki ya mbele iliingia kwenye karakana ya maseremala bila kupiga hodi.

Ya nyuma nayo ikaingia.

Mbao ziliruka. Fundi aliyekuwa akipiga randa mguu wa kitanda aliinua mikono juu kama mtu anayekamatwa, randa bado imo mkononi. Vumbi la mbao likatimka hadi kwenye paa la bati. Katikati ya vumbi hilo alionekana mwanamke wa makamo, sketi ya ofisini, raba nyeupe, miwani myeusi, ameinamia usukani wa Honda kana kwamba anauambia siri.

Kazini walimwita Mkasi. Akikata jambo, limekatika.

"Kituo, niko naye," alisema kwenye kola ya koti lake.

"Umbali?" iliuliza sauti ya Mkuu.

"Kitanda kimoja."

Kweli, kilichokuwa kati yake na yule Tarishi aliyekuwa akikimbia na Yamaha kilikuwa kitanda cha futi sita ambacho hakijapigwa rangi. Tarishi alikizunguka. Mkasi hakuwa na muda huo. Aliinua gurudumu la mbele, akapanda rundo la mbao zilizoegeshwa kama ngazi, akaruka juu ya kitanda, juu ya fundi na juu ya randa ya fundi, akatua upande wa pili wa ukuta wa nyuma, kwenye kichochoro cha kuanikia nguo.

Tarishi alipotokeza pale, alikutana uso kwa uso na shuka lenye maji. Likamvaa. Yamaha ikaenda zake peke yake.

Mkasi alichomoa Glock 19, akaibonyeza taratibu kwenye shuka.

"Hapa ni pua au sikio?"

"Pua," lilijibu shuka.

"Basi nambie ulichobeba, kabla hatujaanza kubahatisha na viungo vingine."

Mkono ulitokeza chini ya shuka ukiwa na kiatu cha kushoto. Ndani ya kisigino kulikuwa na kijiti cha kuhifadhia mafaili, kidogo kuliko njiti ya kiberiti. Msije mkasema natia chumvi. Kilikuwa kidogo hivyo.

Mwanamke huyu hakuwa akikimbiza tarishi kwa ajili ya mshahara. Juzi, mchana kweupe, mumewe alichukuliwa nje ya ofisi yake na watu waliokuja na Land Cruiser isiyo na namba. Mumewe alikuwa mhandisi, mtu wa penseli sikioni, asiyejua kugombana hata na mbu. Aliyemchukua alikuwa Glovu.

Glovu alikuwa mgeni asiyejulikana katokea wapi. Alivaa glovu nyeusi ya ngozi mkono wa kushoto, kiangazi na masika. Wengine walisema mkono ule uliungua kwa tindikali. Wengine walisema ni wa chuma. Biashara yake ilikuwa kuvusha sumu mipakani na kumuuzia yeyote mwenye kutaka kuua watu wengi kwa haraka. Sasa alikuwa amenusa mtungi mmoja uliobaki chini ya kiwanda cha zamani cha dawa za kuulia wadudu. Kiwanda kilifungwa, kikavunjwa, juu yake pakafanywa maegesho ya magari. Enzi hizo mtungi ulishindikana kuharibiwa, ukajengewa chumba cha zege huko huko chini. Ukipasuliwa sokoni, soko zima linalala na haliamki.

Aliyechora mahali chumba kilipo ni mhandisi mmoja tu.

Mkuu alikuwa amemwambia Mkasi bila kupepesa. "Glovu akiushika mtungi, hatamhitaji tena aliyemwonyesha njia."

Mkasi alichomeka kijiti kwenye saa yake ya mkononi. Kioo cha saa kikawaka. Ndani mlikuwa na faili moja, nakala ya kumpelekea mnunuzi. Jina lake: Mwavuli. Mwisho wa jina palikuwa na mkia: km2.

Akavua miwani.

Aliujua mkia ule. Nyumbani mumewe aliutaja kila jioni, mara kwa mapenzi, mara kwa matusi. Ulikuwa mkia wa michoro ya Kalamu Mbili, programu ya zamani ambayo kampuni iliyoitengeneza ilishakufa ikazikwa. Saa ilijaribu kuufungua mchoro ule, ikaonyesha kijivu kitupu. Programu nyingi za siku hizi hazikuwa na habari nao. Aliyebaki duniani anayejua kuufungua sawasawa alikuwa mtu mmoja.

"Kituo," alisema polepole. "Nahitaji kwenda kwa wifi yangu."

Upande wa pili Mkuu alikohoa.

"Nikutumie kikosi?" aliuliza Mkuu hatimaye.

"Hakitamsaidia mtu yeyote."

Risasi Mkasi alizizoea. Dada wa mume ni habari nyingine.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la kutengeneza saa. Mlango wa chuma, makomeo matatu. Lilifunguka la kwanza, likafunguka la pili, la tatu likasita makusudi.

"Nani?"

"Mimi, wifi."

"Wifi yupi? Ninaye mmoja, na huyo hajui ninakoishi."

"Fungua, mambo yameharibika."

Mlango ulifunguka kiasi cha jicho. Mwenye jicho aliitwa Bi Nukta na wateja wake wote, kwa sababu mchoro ukikosa nukta moja aliiona. Nywele za mvi amezibana kwa penseli, mtu wa penseli kama kaka yake. Alimpandisha Mkasi macho na kumshusha, vumbi la mbao, sketi iliyochanika, hadi raba.

"Friji bei gani leo?" akauliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake miaka yote. Kwa ukoo wa mumewe, Mkasi alikuwa mfanyabiashara wa mafriji anayesafiri mikoani. Kila harusi, kila msiba, Bi Nukta alimuuliza bei mbele za watu, na kila mara Mkasi alitaja bei tofauti.

"Siuzi friji," Mkasi alisema. "Sijawahi. Natumikia usalama wa nchi. Kaka yako hayuko safarini kama nilivyokuambia juzi. Ametekwa. Walomteka wakifika wanakokwenda watamuua. Ninao mchoro wake na siwezi kuufungua."

Bi Nukta hakupiga kelele, wala hakushika kifua. Alikunja midomo tu kama aliyeuma limau.

"Kumbe kumlinda mume mwenyewe umeshindwa, ndiyo unalinda nchi," alisema. "Futa viatu."

Sebule ilikuwa ofisi. Ukutani kibandiko kilichopauka: KALAMU MBILI, HUDUMA KWA WATEJA. Mezani simu nyekundu ya waya, na kando yake kompyuta ya zamani yenye mgongo mrefu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama mtoto anayelala. Kampuni ilipokufa, wenye nayo walitawanyika, lakini namba ya simu ilibaki kwake, naye akabaki na namba. Bado wapima ardhi, wajenzi na wachapaji wenye makabati ya michoro ya kale walimpigia. Bado alipokea kabla ya mlio wa tatu.

Aliondoa kitambaa, akawasha. Mashine ikakohoa kama mzee anayejiandaa kutoa hotuba. Mkasi alianza kumharakisha. Akaambiwa kwamba hapo si barabarani, na kama ana haraka kuna ngazi, akitaka ateremke nazo. Akajibu kwamba kila dakika inayopita ni ya mumewe. Bi Nukta naye akajibu kwamba huyo mume, kabla hajawa mume wa mtu, alibebwa mgongoni na yeye, kwa hiyo asihesabiwe dakika na mgeni. Walikuwa wakisemezana hivyo bila kutazamana, mmoja akichomeka kijiti, mwingine akibonyeza vitufe.

Mchoro ukafunguka.

Ulikuwa na tabaka mbili. Chini, picha ya ramani ya zamani ya kiwanda, imepigwa kutoka kwenye karatasi, yenye mikunjo na hata doa la chai. Juu yake, mistari safi, ya bluu, ya kijani, na mmoja mwekundu upande wa kaskazini.

"Ndiyo maana ikaitwa Kalamu Mbili," Bi Nukta alisema kwa sauti ya kazi, ambayo haikuwa na chuki ndani yake. "Kalamu moja inadondosha nukta. Hiyo ni picha, ni madoa tu yaliyopangwa. Nyingine inavuta mstari. Hiyo haiweki madoa, inaweka agizo: toka hapa, nenda pale. Nyekundu ndiyo ukuta wa kutobolea. Nyuma yake kuna chumba chako cha sumu."

Printa ilipiga kelele, ikatema karatasi. Mkasi aliinyakua kabla haijamaliza kutoka, akaenda mlangoni. Mkono ulikuwa kwenye komeo la tatu alipogeuka. Hakujua kwa nini. Labda ni ile sauti.

"Asante, wifi."

Bi Nukta aliinua kichwa. Alimtazama kwa muda, kama anayekagua sarafu aone kama ni ya bandia.

"Ngoja," alisema. "Wao wameufungua kwa kitu gani?"

"Sijui. Programu mojawapo ya siku hizi."

"Basi mistari yao imepinduka."

Mkasi alirudi hatua.

"Mteja akisema asante, humpa dokezo la mwisho," Bi Nukta alisema. "Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo nifanyavyo. Kalamu ya nukta inahesabu kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayesoma. Kalamu ya mistari inahesabu kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepanda ngazi. Kalamu Mbili inalijua hilo, inazipatanisha. Hizi programu mpya hazijui. Zinahesabu zote kutoka juu. Picha inakaa wima, mistari inasimama kichwa chini. Maandishi yanasomeka, kila kitu kinapendeza, ila cha kaskazini kimehamia kusini. Mtu asiyejua hashtuki. Mstari ni mstari."

Mkasi alitandaza karatasi, akaukunja mchoro katikati kwa kidole. Ukuta mwekundu wa kaskazini ukiushusha kusini, unaangukia wapi?

Unaangukia kwenye ukuta wa tangi la tope. Tangi ambalo kiwanda kilimwagia uchafu wake miaka yote, refu kama nyumba, limejaa hadi shingoni.

"Wakilitoboa," alisema.

"Watakunywa," alisema Bi Nukta. Kisha uso wake ukabadilika. "Naye yuko nao."

Hapo simu nyekundu ikalia.

Mlio wa kwanza. Mkasi alichomoa kifungo kimoja cha koti, akakibana kwenye waya wa simu. Kifungo kile kilikuwa na masikio. Mlio wa pili. Bi Nukta akapokea.

"Kalamu Mbili, huduma kwa wateja, habari za mchana?"

Sauti iliyoingia sikioni mwa Mkasi ilikuwa nzito, ya mtu asiyezoea kuomba.

"Mchoro wangu hauna rangi. Mistari yote myeusi. Nambie mwekundu ni upi."

"Jina la faili, mteja?"

"La nini?"

"Ndiyo utaratibu."

"Mwavuli. Mjinga mmoja hapa anasema ukuta wenyewe ni mwekundu, ila mambo ya rangi hayajui, eti nipige namba hii."

Wanawake wawili walitazamana. Utotoni kaka mtu alisahau mwavuli wake kila mahali, na dada yake ndiye aliyetumwa kuufuata. Mhandisi asiyejua kugombana na mbu alikuwa amemtuma Glovu mwenyewe apige simu kwa Bi Nukta.

"Usikate, mteja," alisema Bi Nukta. "Natafuta kitabu chake." Akaweka muziki wa kusubirisha, kinanda kimoja kinachorudia sauti nne tangu dunia iumbwe.

Mkasi alinong'ona ingawa Glovu hakuweza kumsikia. "Mshikilie hapo hapo. Umpe uongo wowote."

"Mimi sijampa mteja uongo tangu nianze kazi."

"Wifi. Huyo si mteja."

"Amepiga namba ya wateja."

"Na akisema asante? Utampa dokezo? Akilijua, anautoboa ukuta wa kweli, anauchukua mtungi, kaka yako anabaki maiti."

Bi Nukta alimwonyesha mlango kwa penseli. "Umesimama hapa unanifundisha kazi, yako nani anaifanya?"

Mkasi aliteremka ngazi tatu tatu.

Honda ilikata mitaa. Sikioni, muziki wa kinanda, kisha Bi Nukta.

"Samahani kwa kusubiri, mteja. Unatumia Kalamu Mbili yenyewe?"

"Natumia hii mpya. Inafungua kila kitu."

"Ndivyo wanavyosema. Umejaribu kuizima kompyuta na kuiwasha?"

"Mama, usinipotezee muda."

"Bila kuizima siwezi kuendelea, mteja."

Glovu alitukana. Kisha ukasikika mlio wa kompyuta ikizimwa. Mkasi alivuka mataa mekundu, akapita kati ya lori la mchanga na basi la shule, akatabasamu mara ya kwanza tangu juzi.

"Mkasi, kikosi kiko njiani," Mkuu aliingilia. "Usiingie. Subiri."

"Mume wangu yuko ndani."

"Hilo ni agizo."

"Unakatika, Mkuu."

Mawasiliano yalikuwa safi kama kengele.

Maegesho yalionekana ya kawaida: magari, jua, mlinzi mwenye fulana ya njano inayong'aa. Ila mlinzi yule alivaa koti la mvua siku isiyo na wingu, na chini ya koti palitokeza mdomo wa bunduki. Mkasi aliegesha, akachezesha mkoba, akamuuliza kwa unyonge kama tiketi hulipiwa kabla au baada. Mlinzi alifungua kinywa. Mkasi akampulizia manukato.

Yalikuwa manukato ya ofisini. Mlinzi alilala juu ya boneti ya Toyota akiwa bado anatafuta jibu. Mkasi alimbandika tiketi kwenye paji la uso, akainua kifuniko cha chuma, akashuka.

Chini palinuka dawa na kutu. Ukumbi mrefu wa zege, giza, na juu ya ukuta mmoja daraja jembamba la chuma walilopitia mafundi zamani. Mwisho wa kusini, taa kali. Watu wawili, mmoja mrefu kama nguzo na mwingine kipara, walikuwa wamesimama na mashine ya kutobolea zege wakisubiri amri. Karibu yao Mhandisi, mikono imefungwa kwa nyaya za plastiki kwenye bomba. Jicho moja limevimba. Penseli bado iko sikioni.

Mwisho wa kaskazini, chini ya shimo la hewa, mahali pekee penye mtandao, alisimama Glovu. Simu mkono wa kulia, kompyuta mpakato juu ya pipa, mkono wa glovu ukibonyeza vitufe. Nyuma ya kisogo chake ulikuwa ndio ukuta wenyewe wa mtungi. Alikuwa ameuegemea.

Mkasi alilala kifudifudi juu ya daraja la chuma, akaanza kutambaa.

"Imewaka," Glovu alisema. Mkasi alimsikia mara mbili, sikioni na ukumbini. "Sasa?"

"Fungua faili upya. Ikikuuliza rangi, chagua rangi za zamani. Sogea chini, hapo, bonyeza."

Kitufe kikabonyezwa.

Glovu akaguna. "Upo. Mwekundu. Kusini." Akawapigia watu wake kelele. "Huo huo mlioukaribia! Anzeni!"

Mashine ilinguruma. Mhandisi alifumba macho.

"Umeipata, mteja?" aliuliza Bi Nukta.

"Nimeipata."

"Kuna jingine nikusaidie?"

Mkasi aliacha kutambaa. Kule chini Glovu alikuwa akiutazama mchoro wake, amefurahi, na mtu aliyefurahi huweza kuponyokwa na neno lolote. Bi Nukta alikuwa akingoja kwenye laini kwa uvumilivu wa miaka thelathini. Neno moja tu, na ukumbi huu ungegeuka.

"A..." alianza Glovu.

Mashine ilinguruma.

"A, wewe kikongwe unanuka maswali," alimalizia. "Ungejibu tangu mwanzo ningekuwa nimeshaondoka."

"Haya, mteja," alisema Bi Nukta, laini kama sabuni. "Usikate, nikuandikie namba ya tatizo lako." Kinanda kikarudi. Na Glovu, ambaye alikuwa amewaua watu katika mabara matatu, akabaki na simu sikioni akisubiri, kama sisi sote tusubirivyo.

Mkasi alijiachia kutoka darajani, akatua nyuma ya bomba. Alichomoa kibanio cha nywele. Makali yake yalikata plastiki kama siagi.

"Umechelewa," Mhandisi alinong'ona.

"Foleni."

"Dada yuko wapi?"

"Kwenye simu."

"Jamaa kasema asante?"

"Hakusema."

Mhandisi alicheka kimya kimya hadi jicho lililovimba likamuuma. Mkasi alimsukumia kwenye ngazi ya chuma, akampandisha mbele yake. Walikuwa wameshafika juu ya daraja pale kipara alipogeuka kufuta jasho na kukuta bomba halina mtu. Akaachia mashine, akachomoa Browning, akainua.

Mkasi hakuinua yake.

"Utapiga," alimwambia. "Lakini kwanza tazama nyuma. Ukuta wako unatoka jasho."

Kipara aligeuka.

Ukuta ulikuwa unatoka jasho kweli. Tone jeusi, kisha mchirizi, kisha ufa uliokimbia kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepanda ngazi.

Halafu tangi likafunguka.

Tope la miaka yote ya kiwanda lilitoka kwa mlio wa ng'ombe mkubwa. Liliwachukua mrefu na kipara na mashine yao, likawasukuma ukumbini kama vijiti mferejini, likapita chini ya daraja likitikisa vyuma. Glovu alisikia, akageuka, akaona. Hakuwa na pa kukimbilia. Alikuwa ameuegemea ukuta wa zege alioutafuta kwa udi na uvumba, na ukuta huo ulikuwa imara mno.

Tope lilipotulia lilimfika kidevuni. Mkono mmoja tu ulikuwa juu, umeshika simu. Kinanda bado kilikuwa kinapiga.

Mkasi alitembea juu ya daraja bila haraka, akachuchumaa juu ya kichwa chake, akaipokea ile simu mkononi mwake na kuiweka sauti ya juu.

"Samahani kwa kusubiri, mteja," ilisema simu.

"Ulinidanganya," Glovu alisema, akitema tope.

"Sikukudanganya. Rangi uliyoomba nilikupa. Mistari yako ilikuwa imepinduka, lakini hukuuliza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hilo huwaambia wanaoshukuru."

Kikosi kilipofika kiliwavuta kwa kamba, mmoja mmoja. Glovu alipotoka, glovu yake ilibaki ndani ya tope. Watu wote walisogea kuutazama ule mkono. Ulikuwa mkono tu. Kucha tano, mweupe kwa kukosa jua. Aliuficha mfukoni kwa aibu zaidi kuliko alivyouficha uso.

Ukuta wa kaskazini ulifunguliwa na wenyewe wanaojua, na mtungi ukaenda kuharibiwa mahali ambapo hata mimi siwezi kupasema.

Jioni ile Mhandisi alikaa sebuleni kwa dada yake, amefungwa taulo, akinywa chai. Bi Nukta alimsugua tope masikioni kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, akimsuta kwamba mtu mwenye akili huchorea karatasi akaimeza, hampi mwenzake kazi siku ya mapumziko. Mkasi alisimama mlangoni, funguo za Honda mkononi. Mkuu alikuwa amemwita tena. Kwingine kulikuwa kunawaka.

"Wifi," alisema. "Kama angesema asante?"

Bi Nukta hakuacha kusugua. "Nimepokea simu maisha yangu yote. Mwenye kushukuru unamjua kwa pumzi, kabla hajasema jina la faili. Yule hakuwa nayo."

"Nilidhani utamwambia."

"Na mimi nilidhani utachelewa. Tumekosea sote."

Kwa Bi Nukta, hilo lilikuwa kukumbatiwa. Mkasi alivaa miwani, akashika komeo la tatu.

"Asante, wifi."

"Ngoja."

Akangoja.

"Dokezo la mwisho," alisema Bi Nukta. "Habari ya friji, kaka yangu alijua tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Yeye ndiye aliyeniambia niwe nakuuliza bei mbele za watu. Tulikuwa tunaandikiana makisio ya jibu lako chini ya meza, atakayekaribia anashinda."

Mkasi alimgeukia mumewe. Mhandisi alikuwa ameiinua taulo, amejifunika uso, mabega yanamtetemeka.

Mpelelezi aliyewahi kunyamaza chini ya mateso ya mahasimu wanne alisukuma miwani juu ya pua. Akanyoosha kola, akashuka ngazi moja moja, bila haraka, kichwa juu.

Nje alipiga Honda teke, ikawaka.

"Mkasi, uko tayari?" aliuliza Mkuu.

"Tayari."

"Safari hii utajifanya nani?"

Alifikiri kidogo, akitazama dirisha la ghorofa ya pili ambalo vicheko vilikuwa vinatokea.

"Mtu yeyote," alisema. "Ila muuza friji."